Oktoba Haijanyesha, Mbona Miti Imechipua?

Kila mwaka Oktoba ikiingia, simu yangu hupokea picha za aina moja. Mtu yuko kwenye basi, ametoka Masasi anaelekea Mangaka au Tunduru, amechomoza simu dirishani na kupiga picha miti iliyojaa majani mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi iliyokolea. Chini ameandika: "Huku mvua zimeshaanza?" Majibu yanakuja mfululizo. Mmoja anasema ndiyo, mwaka huu zimewahi, watu wakapande. Wa pili anasema miti hiyo inaumwa. Wa tatu, ambaye hakosekani, anasema picha si ya Mtwara, ni ya Ulaya, tusidanganyane.

Wote watatu wamekosa. Mvua haijaanza, na huenda ikachukua wiki sita au zaidi kuanza. Miti ni mizima kabisa. Na picha ni ya Nanyumbu, mkoani Mtwara, ukitaka ushahidi panda basi ukaone.

Kukosea huku kunawagharimu watu. Mjomba wangu ni mkulima wilayani humo. Mwaka mmoja aliona msitu wa ng'ambo ya shamba lake umechipua, akasema miti haina sababu ya kudanganya. Akapanda mahindi, mbegu za dukani, za fedha taslimu. Ikaja rasharasha ya siku mbili, mbegu zikaota, vikatoka vijani viwili viwili vya kutia moyo. Kisha jua likarudi kwa wiki tatu. Alichovuna katika lile shamba ni lawama za mkewe, na hizo alizivuna mwaka mzima.

Niliporudi likizo akaniuliza, maana mimi ndiye niliyesoma: "Sasa mjomba, kama mvua haikuwepo na haikuwa inakuja, ile miti ilikunywa nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa shuleni.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Sehemu kubwa ya bara la Lindi na Mtwara, yaani ukiacha mwambao na kwenda Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu, imefunikwa na msitu unaoitwa miombo. Jina lenyewe wanasayansi wamelichukua kwenye lugha zetu za Kibantu, ambako myombo ni aina ya mti. Miombo si msitu wa giza kama ule uliobaki juu ya uwanda wa Rondo, mkoani Lindi. Miti yake imeachana kidogo, jua linafika chini, na chini kuna nyasi. Mingi ya miti inayoutawala ni ya jamii ya kunde, ukoo mmoja na mkwaju, na ndiyo maana matunda yake ni maganda. Msitu wa namna hii haupo kwetu tu. Umetanda kutoka Angola, ukapita Kongo, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Msumbiji hadi huku kwetu.

Jambo la pili ni msimu. Dar es Salaam wana mvua za vuli na za masika. Kusini tuna msimu mmoja, na huo ndio ninaouita masika humu: mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili au Mei, halafu kiangazi miezi sita au saba. Mtu aliyezoea Dar akiona kijani Oktoba anafikiri vuli imefika. Huku hakuna vuli ya kufika.

Na maneno mawili ya mwisho: kupukutika ni mti kuangusha majani, kuchipua ni kutoa mapya. Watu wengi huyatazama kama mambo mawili yaliyo mbali, kufa na kufufuka. Kwa miombo ni kazi moja yenye hatua mbili, na asiyeielewa hatua ya kwanza hawezi kuielewa ya pili.

Jani ni mahali mti unapotolea jasho. Kwenye jani kuna vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo mti huvuta hewa unayoihitaji kutengeneza chakula, na kupitia hapo hapo maji hutoka kama mvuke. Hauwezi kufungua mlango wa kuingiza hewa bila maji kutoroka. Mti mmoja una majani maelfu kwa maelfu, kwa hiyo una milango isiyohesabika. Kipindi cha masika hilo si tatizo, kwa sababu kinachotoka juu kinarudishwa na mizizi chini. Ikifika Julai na Agosti, kusi inapuliza kavu, udongo wa juu umekuwa vumbi, na majani yenyewe yamezeeka, milango yake haifungi vizuri tena.

Fikiria simtanki nyuma ya nyumba. Koki imechakaa, inadondosha matone usiku na mchana. Mamlaka ya maji kama Dawasa ya Dar haipo, bomba la kijiji linatoka mara moja kwa wiki, na wewe una maji ya kutosha siku kumi kama koki ingekuwa nzima. Ukitaka tanki lidumu, njia mojawapo ni kuikata ile koki kabisa na kuziba tundu. Ndivyo mti unavyofanya unapopukutika. Unakata koki maelfu kwa maelfu na kuziba kila kovu.

Hapo ndipo jambo la kushangaza linapoanza. Ukipita msituni mwezi wa Agosti unaona vijiti vitupu na kusema kumekufa. Ndani ya shina mambo ni kinyume chake. Maji hayatoki tena juu, lakini mizizi mirefu bado inafika kwenye udongo wa chini ambao una unyevu uliobaki wa masika. Maji hayo yanapanda taratibu, shina linajaa, matawi yanajaa. Mti mtupu wa Agosti, kwa upande wa maji, mara nyingi una hali nzuri kuliko mti wenye majani mazee wa Julai. Ukishajaa vya kutosha, macho yaliyo kwenye ncha za matawi yanafunguka. Majani mapya yanatoka kwa maji ya zamani.

Hilo ndilo jibu nililompa mjomba, na ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo hata akichoka kusoma hapa: miti ya Oktoba haisemi lolote juu ya mvua inayokuja. Inatumia mvua iliyopita.

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Kama ming'oko."

Kama ming'oko, kweli. Kwa asiye wa kusini: hivi ni viazi vya porini, vyembamba, vinavyochimbwa vichakani na kuuzwa vikiwa vimechemshwa, kwenye stendi na kandokando ya barabara. Juu ya ardhi mmea wake ukikauka huoni kitu cha kukutamanisha. Anayejua hulifuata shina kavu linalotambaa hadi linapozama ardhini, anachimba, anapata chakula. Watu wetu wamekuwa wakiishi kwa elimu hiyo vizazi na vizazi, kwamba kiangazi hakiondoi mali, kinaificha tu. Mjomba hakuhitaji shina kuelezwa kwa vitabu.

Mfano mwingine aliupata mwenyewe kwenye korosho. Mwezi wa Mei na Juni mkulima wa korosho analipa vibarua wa palizi, na hajui mnadani Oktoba bei itakuwaje. Analipa kwa kilichobaki cha msimu uliopita. Ukimwona anasafisha shamba usiseme ana habari za siri za bei. Amesafisha kwa sababu alikuwa na akiba, na kwa sababu ukisubiri bei ijulikane ndipo upalilie, umeshachelewa.

Kuchelewa ndiko kunakoieleza haraka ya miti. Kwa nini isisubiri mvua inyeshe, halafu ichipue kwa amani? Jani halianzi kazi siku linapotoka. Linahitaji wiki kadhaa kukua, kukomaa na kugeuka kijani. Msimu wetu wa mvua ni miezi mitano hivi. Mti unaosubiri tone la kwanza ndipo uanze kujenga jani utapoteza sehemu nzuri ya miezi hiyo. Muuza chai wa stendi anawasha jiko saa kumi alfajiri, kabla abiria wa kwanza hajatokea. Akisubiri amwone abiria ndipo aanze kukoka moto, basi litaondoka.

Ipo faida nyingine. Oktoba hakuna mawingu, jua ni la kutosha, na wadudu wengi walao majani bado hawajazaliwa kwa wingi unaokuja na mvua. Jani linapata nafasi ya kukakamaa kabla ya meno.

Sasa rangi. Kijani cha jani kinatokana na kitu kiitwacho klorofili, ambacho ndicho kinachokamata mwanga wa jua na kutengenezea chakula. Jani jipya la miombo linatoka likiwa na klorofili kidogo tu, lakini limejaa rangi nyekundu ya jamii ya antosianini. Umeshakutana na rangi hizi jikoni: ndizo zilizomo kwenye juisi ya rozela na kwenye ngozi ya zambarau. Kazi yake kwenye jani changa inaelezwa kuwa ni kinga. Ngozi ya jani bado laini, jua la Oktoba ni kali, na mitambo ya ndani haijawa tayari kuupokea mwanga wote huo, hivyo rangi nyekundu inachukua sehemu ya makali. Wapo pia wanaosema inawapunguzia wadudu hamu. Kadiri jani linavyokomaa klorofili inaongezeka, wekundu unafifia, linapita kwenye rangi ya shaba, kisha kijani kibichi, kisha kijani kizito. Mti mmoja unaweza kupitia rangi hizo zote ndani ya wiki chache, na kwa kuwa miti haianzi siku moja, kilima kizima kinaonekana kama duka la vitenge.

Yule anayesema picha ni ya Ulaya ana sababu ya kukosea. Ulaya na Marekani ya kaskazini miti mingi hugeuka mekundu pia, na watu husafiri kwenda kuitazama. Lakini kule jani hugeuka jekundu linapokaribia kuanguka. Huku jekundu ni la kuzaliwa. Picha zinafanana kama kilio cha msibani na kilio cha chumba cha uzazi, na mtu aliye nje ya nyumba anaweza asitofautishe. Mimi nimeona kalenda na vipeperushi vingi vya utalii wa kusini vyenye magofu ya Kilwa na fukwe za Mikindani, na sijaona hata kimoja chenye miombo ya Oktoba. Tunapita humo tukiwa tumefunga pazia za basi kukwepa jua.

Turudi kwa mvua, maana mjomba hakuridhika mapema hivyo. "Sawa, miti inatumia akiba. Lakini inajuaje kuwa wakati umefika? Mbona haichipui Julai?"

Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo mchana wetu haulingani mwaka mzima, ingawa tofauti ni ndogo: Juni mchana ni kama saa 11 na nusu, Desemba ni zaidi kidogo ya saa 12 na nusu. Joto nalo linapanda kuanzia mwishoni mwa Agosti, kipupwe kikishakwisha. Joto na urefu wa mchana ndivyo vinavyotajwa zaidi na watafiti kama saa ya miti, pamoja na ule ujazo wa maji ndani ya shina. Ukitaka kuishuhudia saa hiyo mwenyewe, simamisha fimbo wima uani karibu na tarehe 20 Oktoba. Saa sita mchana na dakika chache utatafuta kivuli chake usikipate. Jua limesimama utosini, linapita kwenda kusini, na litapita tena utosini likirudi kaskazini karibu na tarehe 22 Februari.

Mvua nayo hulifuata jua hilo hilo. Ukanda wa mawingu mazito unaozunguka dunia hushuka kusini nyuma ya jua, kusi inalegea, kaskazi inashika, na mawingu yanatufikia. Ila mvua haina bwana mmoja. Joto la Bahari ya Hindi linaingilia, pepo zinaingilia, vimbunga upande wa Madagascar na Msumbiji vinaweza kuvuta unyevu kwenda kwao. Ni watu wawili waliosikia adhana moja. Mmoja nyumba yake iko jirani na msikiti, mwingine anatoka mbali na baiskeli yake inapata pancha mara kwa mara. Ukimwona wa kwanza ameshatia udhu, umejua kuwa adhana imetoka. Hujajua wa pili yuko wapi.

Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa wajinga kuhusisha kuchipua na mvua. Kwa wastani, miaka mingi, yanakwenda pamoja, na kwa kupanga kazi za shamba kuchipua ni kalenda nzuri: safisha, lima, tayarisha mbegu. Kosa ni kuifanya kalenda kuwa ahadi. Kwa tarehe ya kutia mbegu ardhini kuna jembe, uchimbe uone unyevu umeshuka kiasi gani, na kuna utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutoa kwa mikoa yenye msimu mmoja, Lindi na Mtwara zikiwemo. Redio, kwa mara hii, inajua kuliko miti.

Na vipi wanaosema miti ndiyo huita mvua? Hapa naomba niende polepole, kwa sababu usemi huu ni wa kweli nusu, na nusu ya kweli inasumbua kuliko uongo mzima. Majani mapya yakitoka, jasho la msitu linaanza tena. Vipimo vilivyofanywa katika bonde la Luangwa, Zambia, vilionyesha mvuke unaotoka kwenye miombo ukipanda wakati wa kuchipua, kabla ya mvua kuanza. Kwa maneno mengine, maji ya masika yaliyopita yanapandishwa kutoka mita kadhaa chini ya ardhi na kurudishwa angani katika mwezi ambao hakuna kingine kinachoyarudisha. Hewa inapata unyevu. Huo ni mchango, na kwa eneo kubwa kama lote la miombo si mchango wa kudharau. Lakini haimaanishi kwamba msitu wa kijiji chenu ukibaki umesimama basi mvua itaangukia kijiji chenu. Mawingu hayana mipaka ya vitongoji.

Lipo jambo moja ambalo sitalipita kwa upole, nalo ni moto.

Kusini tumezoea kuchoma. Mtu anachoma kusafisha shamba, mwingine kumtoa panya, mwingine hana sababu, ana kiberiti. Na ipo imani kwamba moto ndio unaoichipuza miti, kwa sababu ukichoma Septemba, wiki chache baadaye pako kijani. Jaribio lake ni rahisi: tazama upande wa pili wa barabara, ambako moto haukuvuka. Napo pako kijani, tena zaidi. Miti ingechipua tu. Nyasi nazo huchipua kwa sababu vichipukizi vyake viko chini ya udongo na moto umeondoa makapi yaliyovifunika.

Tofauti kubwa ni tarehe. Moto wa Juni unakuta nyasi bado zina unyevu kidogo, unapita chini, unazimika usiku. Moto wa Oktoba unakuta kila kitu ni petroli, na unakuta juu ya miti majani machanga yaliyotoka juzi, yaliyojengwa kwa akiba yote ya mti. Yakiungua, mti unalazimika kuanza upya kwa tanki lililopungua. Unaweza kufanya hivyo mara moja. Ukifanyiwa hivyo kila mwaka hauna ubavu.

Hili halihitaji kubahatishwa. Mwaka 1933 huko Ndola, Zambia, watafiti walitenga vipande vya miombo: vingine vikachomwa mapema kila mwaka, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, vingine vikalindwa visiguswe na moto. Miaka ilipopita, vya moto wa mwishoni vilielekea kuwa uwanja wa nyasi, miti ikapotea. Vilivyolindwa vikafunga na kuelekea kuwa msitu mzito. Vya moto wa mapema vikabaki kuwa miombo. Kwa hiyo anayesema "moto ni adui" na anayesema "moto ni desturi" wanaweza kuacha kugombana wakaulizana tu: unachoma mwezi gani?

Mvua zikifika kweli, Desemba, msitu unatoa zawadi nyingine ambayo nayo watu hawajui inatoka wapi. Asubuhi baada ya mvua mbili tatu nzuri, akina mama wanaingia msituni na ndoo na kutoka na uyoga: wa njano, wa rangi ya machungwa, mweupe. Utauona unauzwa kwa mafungu barabarani. Watu husema uyoga unaota kwa radi, au unaota kwenye majani yaliyooza. Upo unaoota kwenye majani yaliyooza, ndiyo. Na ule mkubwa wa kwenye kichuguu ni habari nyingine kabisa, huo unafugwa na mchwa. Lakini mwingi wa uyoga mtamu wa miombo umeungana na mizizi ya miti iliyo hai.

Chini ya udongo uyoga ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo zinajiviringisha kwenye ncha za mizizi ya mti kama soksi. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga na una rutuba haba, mizizi peke yake haikusanyi vya kutosha. Nyuzi zinakwenda mbali, zinaingia mahali mzizi haupiti, zinarudi na madini na maji. Mti unazilipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Kile tunachokichuma ni tunda tu la kiumbe ambacho mwili wake wote uko ardhini, na ambacho chakula chake kimetoka kwenye majani yale yale mekundu ya Oktoba. Ndiyo maana aliyekata miti yote kwa ajili ya mkaa halafu akarudi Desemba na ndoo, hurudi na ndoo tupu. Na ndiyo maana uyoga huu hauoteshwi bandani kwenye vifuko kama ule unaofundishwa kwenye semina za ujasiriamali. Hauna mti wa kuulipa. (Tafadhali usichume uyoga kwa sababu umesoma makala. Miombo ina mtamu na ina unaoua, na inafanana. Nenda na mama anayejua.)

Kuna mbuyu. Kila nikieleza habari ya akiba ya maji mtu hunikatiza: "Kama mbuyu!" Mibuyu ya Mikindani ni mikubwa, na watu wanaamini ndani mna maji ya kuchota. Mbao yake kweli ni laini na imelowa, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, lakini yamo ndani ya nyama ya mti kama yalivyomo ndani ya tikiti. Ajabu iko kwenye matumizi. Watafiti waliochunguza mibuyu ya Madagascar waliona kuwa miti ile hutumia maji ya shinani kutoa majani mapya kabla ya masika, lakini vile vitundu vya kwenye majani inaviacha vimefungwa hadi mvua inyeshe. Yaani mbuyu unajenga duka, unapaka rangi, unapanga rafu, halafu haufungui mlango mpaka mteja aonekane. Tanki lote lile, na bado unabana matumizi.

Mwisho ni habari ya mti mkavu, kwa sababu ndiyo iliyomgusa mjomba mfukoni. Kiangazi ndio msimu wa kukata kuni na mkaa, na kanuni ya wengi ni "tunakata iliyokufa". Agosti yote inaonekana imekufa. Njia ya kujua ni ukucha. Kwaruza ganda la kijitawi chembamba: chini yake pakiwa na kijani na unyevu, mti umelala. Pakiwa na kahawia kavu hadi ndani, hapo sawa. Kazi ya sekunde tatu.

Mche nao hudanganya. Mninga mdogo hufanya jambo ambalo mwalimu wangu wa kilimo hakuwahi kulitaja: unaota na masika, unapanda kidogo, kiangazi kikija sehemu yake ya juu inakufa yote. Mwaka unaofuata unachipua tena kutoka chini, na kufa tena juu. Miaka kadhaa unakwenda hivyo, wapita njia wanauona ni kijiti kisicho na bahati, na muda wote huo mzizi unanenepa na kushuka. Siku mzizi ukishatosha, shina linapanda na halirudi nyuma. Ukipita na jembe mwaka wa nne ukasema "hiki hakikui", umeng'oa miaka minne.

Mchana wa kiangazi, ukikaa kimya chini ya miombo, utasikia vitu vinapasuka juu, tak, tak, kama mtu anavunja vijiti. Ni maganda. Yanakauka hadi yanajikunja kwa nguvu, yanapasuka pande mbili na kurusha mbegu mbali na mama yake. Nilikuwa na mjomba siku hiyo, tumekaa chini ya mti aliokuwa ameuwekea alama ya panga tangu Julai kwamba atauchomea mkaa. Alisikiliza ile milio bila kusema kitu. Akasimama, akainamisha tawi, akalikwaruza kwa ukucha wa dole gumba.

Mwishoni mwa Novemba mwaka uliofuata alinipigia. Nikamuuliza habari za huko, akasema msitu umeshakuwa kijani cheusi, unapendeza, nyuki wamejaa maua. "Na mahindi, mjomba?"

"Mbegu ziko kwenye gunia chini ya kitanda," akasema. "Jana nimechimba, vumbi mpaka kwenye mpini."